Kiti cha Mkubwa, Mashine ya Mdogo

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ulikaa kwenye shavu la mdogo wake.

Siku za kazi hakuumwa chochote. Alifungua saluni asubuhi, akanyoa watu, akacheka nao, akawateta wasiokuwepo, jioni akafunga mlango na kurudi kwa mkewe buheri wa afya. Balaa lilikuwa Jumapili. Siku hiyo familia ilikusanyika kwa mama yao kula chakula cha mchana, na mdogo wake, karani katika ofisi ya maji, aliingia na shati lililopigwa pasi na lile shavu. Halikuwa na kipele wala mkwaruzo. Fundi akilitazama, tonge lilimkwama kooni. Shavu lile lilinyolewa kwa mashine ya marehemu baba yao, na mashine ile, kwa maoni ya Fundi na ya mtu yeyote mwenye akili timamu, ilipaswa kuwa ya Fundi.

Tusizungukezunguke. Ulikuwa wivu. Mkewe, ambaye hakuwa mtu wa kupaka maneno sukari, aliutaja kwa jina kila walipokuwa njiani kurudi nyumbani.

"Leo umemkodolea macho mwenzio mpaka kaacha kula," alimwambia. "Una kijicho, mume wangu. Kama kuna dawa yake, kanunue."

"Mimi? Nimwonee kijicho kwa ajili ya chuma kile?"

"Kwa ajili ya chuma kile kile."

Chuma chenyewe tukieleze, maana siku hizi ukisema mashine kwa kinyozi, mtu anafikiria hii ya umeme inayonguruma. Hii ilikuwa ya zamani, ya mkono, chuma kitupu. Ilikuwa na mpini mfupi mzito, na kichwa kinachofunguka ukizungusha mpini. Unalaza wembe wa pande mbili ndani yake, unakaza, unanyoa. Kampuni kubwa ya nyembe iliyoitengeneza ilikwisha kuachana nayo miaka mingi, ikahamia kwenye vishikio vya plastiki vyenye nyembe tano zilizopangwa kama ngazi, ambavyo ukinunua leo, wiki ijayo unarudi dukani kununua kichwa kingine. Nyembe za pande mbili bado ziliuzwa kila duka. Mashine ya kuzitia ndiyo iliyopotea.

Baba yao alikuwa kinyozi, na miaka yake ya mwisho kazini hakunyoa ndevu za mtu kwa kitu kingine. Alikuwa na mtindo wake. Akimaliza shavu moja, aligonga kitako cha mpini kwenye mbao ya kiti, pale mteja anapolaza mkono, tak, povu likadondoka, ndipo akahamia shavu la pili. Aligonga hivyo mpaka mbao ikafanya kishimo, na kitako cha mpini kikabonyea upande mmoja. Fundi, aliyekuwa akijifunza kazi pale pale, aliwahi kunyoosha mkono kuichukua. Baba yake akamwondoa mkono.

"Hii si yako," alisema. "Wewe tumia mpini wako wa kukunja, ule wa wembe wa wazi."

Maneno hayo Fundi hakuyasahau. Ndiyo yaliyomrudia siku mama yao alipowaita wote wawili baada ya mazishi, akawaambia wosia wa mzee ulikuwa mfupi: kiti cha mkubwa, mashine ya mdogo. Basi. Hakuna maelezo. Fundi alipata saluni, kioo kilichoingia ukungu pembeni, brashi, na kile kiti kikubwa cha kuzunguka chenye ngozi iliyopasuka. Mdogo wake akapata kile kitu chenye uzito wa mkono wa baba. Na hakujua kunyoa! Hilo ndilo lililomtia Fundi wazimu. Wangempa mashine mtu mwenye kazi nayo angenyamaza. Badala yake alipewa mtu wa kugonga mihuri kwenye bili za maji.

Na Fundi alikumbuka vizuri kwamba mdogo wake hajui. Walipokuwa vijana, Karani naye alitaka kazi ya saluni. Baba yao akamkabidhi mpini wa kukunja siku moja, saluni imejaa, amnyoe muuza viatu wa mtaa ule. Karani akamchana mtu wa watu chini ya sikio, damu ikachuruzika hadi kwenye kola. Baba yao hakupiga kelele. Alimtoa kijana mpini mkononi mbele ya watu wote, akampa Fundi, na Fundi akamalizia shavu lile bila kutikisika. Wateja wakampigia makofi. Ilikuwa miongoni mwa siku tamu kabisa za maisha yake, na kila alipoikumbuka alijiuliza: sasa baba, uliona vile kwa macho yako, halafu mashine ukampa yule?

Mara moja alishindwa kujizuia. Alikwenda kwa mdogo wake kumtembelea, akaingia bafuni kunawa, akaikuta mashine ya baba imesimamishwa ndani ya kikombe cha plastiki pamoja na mswaki. Mswaki! Alitoka amevimba.

"Mdogo wangu, tubadilishane," alisema. "Taja unachotaka. Nikunyoe nywele maisha yako yote, au uchukue ile redio kubwa. Sema tu."

Karani alikuwa mtu wa maneno machache. Alifikiri kidogo, akatabasamu upande.

"Nipe kiti," alisema.

Fundi aliona amekejeliwa. Kiti cha kinyozi kitamfaa nini karani? Akaaga mapema. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mdogo wake hakuwahi kukikalia kiti hicho tangu mzee afe. Nywele zake alizinyolea kwa kinyozi mwingine, mbali, karibu na ofisi yake. Kwa hiyo Fundi alimwonea wivu hata kinyozi yule, mtu ambaye hakumjua sura.

*

Habari zililetwa na Bwana Katoni. Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa msambazaji wa kampuni ile ile ya nyembe, mtu mnene mchangamfu aliyepita madukani na kwa vinyozi na gari dogo lililojaa katoni hadi kwenye kiti cha mbele, na ukimsalimia alikujibu huku akitafuta pa kutua mzigo.

"Fundi, nikuulize kitu," alisema siku moja, akifuta jasho. "Zile mashine za zamani, za chuma. Zikirudi, watu watanunua?"

Fundi alikuwa katikati ya kunyoa. Akainua wembe kutoka shingoni mwa mteja, kwa usalama wa mteja.

"Zinarudi?"

"Sijasema zinarudi. Nasema wakubwa wanaulizana. Wametuambia tupitepite, tusikie wateja wanasemaje. Ni maoni tu."

Lakini sikio la mwenye wivu huchukua linachokitaka likaacha mengine mlangoni. Fundi alisikia neno moja tu: zinarudi. Alimalizia shingo ya mteja mikono ikitaka kucheza ngoma. Zikirudi, atanunua yake. Mpya, inayong'aa, isiyobonyea. Ataitumia mbele ya kioo, kazini, mahali pake panapostahili. Na ile ya mdogo wake itakuwa nini? Itakuwa moja kati ya nyingi, tena kuukuu. Kusema kweli, hilo la pili lilimfurahisha kuliko la kwanza.

Kuanzia siku hiyo saluni iligeuka baraza. Mwalimu mstaafu, aliyekuja kunyolewa hata ndevu zisipokuwepo, aliunga mkono kwa moyo wote. Alidai nyembe tano zinamchubua mara tano. Mwenye duka la vipuri jirani hakukubali.

"Haiwezi kurudi," alisema, miguu ameinyoosha kwenye benchi. "Fikirini kama wafanyabiashara. Kitu cha chuma kinakaa hadi mjukuu akirithi. Wakishakuuzia, watakula nini? Wanataka kitu kinachoharibika, ili uwarudie."

"Watakula kwenye nyembe," Mwalimu alijibu. "Wembe utanunua tu."

"Wembe wa pande mbili unauzwa na kila mtu. Huwezi kumfunga mteja kwa kitu kinachouzwa na kila mtu."

"Zinarudi," Fundi alikata shauri. "Nimeambiwa na mtu wa ndani."

"Bwana Katoni ni mtu wa ndani? Yule ni mtu wa barabarani!"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alitia chumvi kidogo, kesho yake akaongeza nyingine, na wiki ilipoisha alikuwa tayari anaeleza rangi ya boksi ambalo mashine mpya itakuja nalo. Alikwisha kupigilia msumari ukutani kando ya kioo, akaweka kirafu kidogo, akawakataza watu kuweka vikombe pale.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa mama yake na furaha isiyo na adabu. Alisubiri mdogo wake akae, akasubiri shavu lile lipate mwanga wa dirishani, akaanza.

"Umesikia habari? Zile mashine zinatengenezwa tena. Nzuri zaidi kuliko hizo za kale. Kila mtu atakuwa nayo, hata wapiga debe. Hiyo yako sasa, mdogo wangu, utaipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu."

Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza. Mama yao aliacha kupakua, akamtazama mwanawe mkubwa kwa muda, kisha akaendelea kupakua. Karani alikuwa ameshika glasi ya maji. Hakukasirika, na hilo lilimwudhi Fundi.

"Kweli zinarudi?" aliuliza taratibu.

"Kweli kabisa. Muulize Bwana Katoni mwenyewe."

"Kwa hiyo hii ya kwangu haina tena maana."

"Maana gani? Ni chuma, kama vyuma vingine."

"Sawa, kaka," alisema Karani, akanywa maji yake yote.

Fundi alikula sahani mbili siku ile.

*

Miezi ikapita, kirafu kikakusanya vumbi. Kila Bwana Katoni alipopita, Fundi alimdaka kabla hajatua mzigo. Jibu lilikuwa lile lile: wakubwa bado wanaulizana. Lakini kulikuwa na jambo lingine la kumfariji. Karani alianza kuja Jumapili na plasta. Jumapili moja ilikuwa kidevuni, nyingine chini ya taya, halafu mbili kwa mpigo. Shavu lile maarufu likawa na vipele kama la watu wengine. Fundi hakuuliza. Alitazama plasta zile akala vizuri, akijisemea moyoni: unaona, hata mashine yenyewe imemchoka.

Kisha Bwana Katoni akaingia saluni amebeba karatasi iliyoviringishwa chini ya kwapa.

"Fundi, jibu limekuja," alisema. "Hawafufui. Wamepiga mahesabu yao wamesema haina faida. Lakini hawakukusahau, wamekuletea kalenda."

"Kalenda?"

"Kalenda nzuri. Wamesema wazee wanaikumbuka mashine, basi wameweka picha yake. Inavutia watu kununua nyembe."

Mwenye duka la vipuri, aliyekuwa kwenye benchi, alifungua mdomo ili aseme aliyokuwa ameyasema tangu mwanzo. Hakupata nafasi. Fundi alikuwa ameikunjua kalenda mbele ya kioo, na uso wake umebadilika. Picha ilikuwa kubwa, imepigwa kwa karibu, mashine imelazwa juu ya kitambaa cheupe. Kitako cha mpini kilikuwa kimebonyea upande mmoja.

Alikitazama kibonyeo kile. Akageuka akatazama kishimo kwenye mbao ya kiti. Hakuhitaji kuvipima.

"Hii mmeitoa wapi?" Alimsogezea Bwana Katoni picha.

"Si kwa ndugu yako? Yule wa maji." Bwana Katoni alishangaa kuulizwa. "Alinisimamisha njiani, akaniuliza kama kweli zinarudi, nikamwambia wanafikiria. Akasema basi chukueni hii mkatazamie, mimi siihitaji. Nikaipeleka. Hali yake nzuri sana, wakubwa walifurahi. Iko makao makuu, ndani ya kabati la kioo."

"Irudishwe."

"Fundi, alitoa mwenyewe. Imeshaandikiwa kibao."

Fundi aliikunja kalenda, akaitia chini ya kwapa, akavua koti lake la kazi, akamwacha mteja mmoja na povu nusu uso mikononi mwa Mwalimu mstaafu. Akatoka mchana kweupe bila kufunga mlango. Mtaa mzima ulimwona anavyokwenda, na hakuna aliyethubutu kumwamkia.

Wivu ni kitu cha ajabu. Mashine ilikuwa imekwenda, haiko tena kwa mdogo wake wala kwake, mtu angetegemea roho ipoe. Njiani Fundi alikuwa na wivu mpya, mkubwa kuliko wa zamani. Alikuwa analionea wivu kabati la kioo.

Mama yake alikuwa sebuleni anakunja nguo zilizoanikwa asubuhi. Fundi akaitandaza kalenda juu ya nguo.

"Tazama mwanao alichofanya! Kitu cha Baba! Amewapa watu njiani kama mtu anayegawa embe!"

Mama aliitazama picha. Alipitisha kidole pale kitako kilipobonyea, akavuta pumzi.

"Nani alimwambia ni chuma chakavu?" aliuliza.

Fundi alianza kuinyoosha kalenda.

"Nakuuliza wewe, baba. Mbele ya sahani zangu, nani alimwambia?"

"Nilikuwa natania."

"Hukuwa unatania. Nimekuzaa, nakujua." Aliisogeza kalenda, akaendelea kukunja. "Kaa chini. Unajua baba yenu alianza lini kutumia hiyo mashine?"

"Alipokuwa fundi mkubwa."

"Alipoanza kutetemeka mikono." Mama alisema polepole, akinyoosha kola ya shati. "Alikuja hapa siku moja akakaa ulipokaa wewe, akasema, mama watoto, nimemkata mtu. Hakuwahi kumkata mtu. Ule wembe wa wazi hakuushika tena. Akatafuta hiyo ya kichwa, maana ile haikati ovyo, hata mkono ukicheza. Kule kugonga kwenye kiti mlidhani ni madoido? Alikuwa anaupumzisha mkono. Aliona aibu mpaka anakufa."

Fundi alitazama picha, pale kitako kilipobonyea.

"Alipokuambia si yako, alikuwa na maana hiyo," mama aliendelea. "Wewe mkono ulikuwa nao. Aliniambia, mkubwa simwachii kitu cha kunyolea, ameshapata. Huyu mdogo nikimwacha na wembe mtupu atajichinja. Mpe hii isiyokata."

"Mbona hukuniambia, Mama? Miaka yote hii!"

"Ulikuja lini kuniuliza? Ulikuja kununa. Na siri ya mikono ya mume wangu nianze kuitangaza mezani?" Aliweka shati juu ya mengine. "Mdogo wako nilimwambia. Yeye aliuliza."

Fundi alitoka pale bila kuaga. Alichofikiria njia nzima zilikuwa zile plasta. Alikuwa amezila na chakula, Jumapili baada ya Jumapili, akiongeza mchuzi.

*

Hakumwendea mdogo wake. Hakuwa na uso wa kumpelekea. Lakini mama yao hakukaa kimya, na siku ya pili yake, saa za ofisi kufungwa, mlango wa saluni ulitiwa kivuli na Karani akaingia. Ndevu zake zilikuwa zimeota ovyo, na plasta moja ilikuwa inaning'inia kidevuni. Mwalimu mstaafu na mwenye duka la vipuri, waliokuwa kwenye benchi, waliacha ubishi wao.

"Mama amesema nije uninyoe kabla sijamaliza damu," Karani alisema.

"Kaa," alisema Fundi.

Karani alikitazama kiti. Alikizunguka kama mtu anayeogopa kuamsha mtu aliyelala, kisha akakaa, kwa mara ya kwanza tangu mzee afe. Mikono akailaza kwenye mbao. Kidole gumba chake kikaingia ndani ya kile kishimo chenyewe, bila kuelekezwa.

Fundi alimfunga kitambaa, akabandua plasta, akapiga povu, akampaka. Akachukua wembe mpya ungali ndani ya karatasi yake, akauvunja katikati, kap, kama alivyofanya kwa kila mteja. Nusu moja akaitia kwenye mpini wa kukunja. Nusu ya pili akaiacha kwenye sahani. Akaanza kunyoa.

"Kwa nini uliitoa?" aliuliza mwisho, akimtazama ndani ya kioo.

"Si ulisema mpya zinakuja?"

"Usinijibu hivyo. Kwa nini uliitoa?"

Karani alingoja wembe utoke kooni.

"Kaka, wewe uliiona Jumapili tu, tena uliiona kwenye shavu langu. Mimi niliiona kila asubuhi. Kila asubuhi naishika, inaniambia, wewe huna mkono. Baba alinipokonya wembe mbele ya watu, mkakipigia makofi kitendo kile. Halafu akanirithisha kitu cha watu wasioweza." Kidole gumba kikasugua kishimo. "Uliposema ni chuma kama vyuma vingine, nilishukuru. Nilisema, kumbe naweza kukitoa. Nilikuwa sijui kwamba sitaweza kujinyoa bila hicho."

Fundi alifuta wembe kwenye kitambaa, japo haukuwa na kitu cha kufuta.

"Na mimi nilikuwa nakuonea wivu," alisema. Alilisema wazi, mbele ya benchi, na Mwalimu mstaafu akajifanya kusoma gazeti alilolishika juu chini.

"Najua. Mtaa mzima unajua." Karani alicheka kidogo puani. "Mimi nami nilikuonea wivu wewe. Nilikwambia unipe kiti, ukakasirika. Ningekaa vipi hapa ninyolewe kama mteja, wakati nilitaka kusimama hapo uliposimama?"

Hapo Fundi alichomwa hasa. Mtu huyu alikuwa na wivu sawa na wake, pengine kuupita, na alikuwa ameubeba miaka yote na shati lililopigwa pasi, bila kununa, bila kumharibia mtu chakula. Hata kwenye wivu, mdogo wake alikuwa amemshinda.

Alimaliza shavu la pili, akamfuta, akamfungua kitambaa. Shavu lilikuwa laini kuliko Jumapili yoyote. Karani akasimama, akaanza kutafuta pesa mfukoni.

"Unakwenda wapi?" Fundi aliuliza.

Alitia ile nusu ya pili ya wembe kwenye mpini, akaubana, akamwekea mdogo wake mkononi. Kisha akajitupa kwenye kiti mwenyewe, akajifunga kitambaa shingoni, akajipaka povu kwa haraka mpaka masikioni.

"Ninyoe."

"Kaka, acha mchezo."

"Nimesema ninyoe."

"Nitakukata."

"Nikate. Ni uso wangu, haukodishwi."

Mwenye duka la vipuri alinong'ona kwamba labda amwite mkewe Fundi. Mwalimu akamwashiria anyamaze. Karani alisimama na mpini wazi mkononi, jasho limemtoka, mbele ya watu walewale wa mtaa ule ule. Akaweka wembe chini ya sikio. Akavuta. Mstari mwembamba mwekundu ukatokea ndani ya povu, akaruka nyuma.

"Nimekukata."

"Nimesikia," alisema Fundi, hakutikisa kichwa. "Ulaze wembe kidogo, usiusimamishe. Endelea."

Mara ya pili alikata kidogo. Mara ya tatu hakukata. Shavu moja lilipokwisha, Karani, bila kujua anachofanya, aligeuza mpini akagonga kitako chake kwenye mbao ya kiti, tak, ndani ya kishimo kile, povu likadondoka, mkono ukapumzika, akahamia shavu la pili.

Mwalimu mstaafu alishusha gazeti.

"Jamani," alisema. "Huo ni mkono wa mzee kabisa."

Fundi alikuwa kitini, damu inamchuruzika kidevuni, akasikia ule wivu wake unamwinukia kifuani upya, mbichi, kana kwamba haukuwahi kulala. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia yeye maneno hayo. Alifumba macho na kumgeuzia mdogo wake shavu lililobaki.